Nilivyolipasua shairi la dakika 6 likawa mchezo wa jukwaani

Shairi la kughani hubebwa na mtu mmoja. Mchezo unataka watu wawili wasioelewana. Daraja kati ya hivyo viwili nililipata kwenye ngonjera, shairi la majibizano, na sisi wa Dodoma hatuna haja ya kwenda kuitafuta mbali: Mathias Mnyampala, aliyeivumisha miaka ya 1960, alikuwa Mgogo, mzaliwa wa huku huku.

Kazi inaanzia kwenye mkato wa mshororo. Huu una mizani (silabi) 16:

Maji yametoka jana, leo ndoo zimelala

Nikiughani peke yangu, ni malalamiko tu. Nikimpa mwenye nyumba ukwapi, yaani kipande cha kwanza, "Maji yametoka jana," na mpangaji akamrudishia utao, kipande cha pili, "leo ndoo zimelala," tayari pana ugomvi, na hakuna neno hata moja lililobadilika. Nilipitia shairi zima hivyo, nikiweka alama kila penye uwezekano wa mtu kumkatisha mwenzake. Beti zisizopasuka nilizitupa, hata zile nilizozipenda.

Kinachoharibika hapa ni mahadhi. Waghani wawili huchukua mahadhi yaleyale, hadhira ikasikia mtu mmoja mwenye midomo miwili. Dawa ni kumwacha mmoja kwenye mizani 8 na kumvunjia mwingine arudhi, kanuni za ushairi, kabisa, aseme kama anavyosema mtu sokoni Majengo. Vina navyo vinasaliti: watazamaji wakishayazoea mapigo hulitamka neno la mwisho kabla ya mwigizaji. Siku hizi vina naviweka penye kiapo au tusi, basi.

Dakika 6 zikawa 40, kwa wahusika 4. Wakizidi hapo, nauli za mazoezi humaliza bajeti. Mazoezi ni 12, saa mbili mbili. Manne ya kwanza tunakaa mezani na muswada, hakuna kusimama. Anayesimama mapema huanza kupunga mikono kama yuko kwenye shindano la mashairi, na mikono hiyo haishuki tena.

Karatasi zisisubiri wiki ya onyesho. Msanii anajisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Muswada ninausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla sijagawa nakala. Michezo ya jukwaani nayo imo kwenye Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, kwa hiyo Bodi ya Filamu haihusiki na filamu peke yake.

Pesa ya mchezo inatoka kwenye mashairi ya hafla. Kila shairi naliandaa kwa urefu wa aina tatu: dakika 5, dakika 3 na sekunde 90. Mgeni rasmi akichelewa, kitu cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ni sanaa, na mshereheshaji atakuambia hivyo ukiwa umeshashika maiki. Nusu ya malipo naipokea kabla. Kwenye bei naweka na ile asilimia 5 ya kodi ya zuio, anayoikata mlipaji, la sivyo unajikatia mwenyewe.

Tarehe nayo ina hesabu yake. Aprili hadi mwisho wa Juni ni Bunge la bajeti, kumbi na nyumba za wageni hazikamatiki. Julai panapatikana nafasi, ila kuna upepo na baridi. Kwenye uwanja wa wazi jukwaa naliweka upande wa mashariki, upepo wetu mwingi unakotokea, ili uisukume sauti kwa watazamaji. Ukiliweka magharibi, mstari wa tano hausikii kitu hata ukiongeza spika. Jua huzama saa 12:30 na ushee, kisha magharibi inaswaliwa. Tunaanza saa 1:15. Mhusika wa kwanza anaingia na "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, na uwanja ukiitikia unajua umeshawapata.

Ngoma za muheme, ngoma zetu za Kigogo, zinalegea kwa baridi. Weka jiko la mkaa nyuma ya jukwaa, ngozi ziote moto kabla tu ya kupigwa. Zeze, ala ya nyuzi, halishindani na ngoma hata siku moja, lipewe maiki yake. Sponji za maiki zikikosekana, soksi safi inazuia mvumo wa upepo vizuri tu. Iwe nyeusi, nyeupe inaonekana mpaka kwenye viti vya nyuma.