Kumbukumbu ya mradi wangu: najifunza judo, na vidole navihitaji kazini

Mimi ni fundi cherehani. Kidole kikiteguka, kazi za wateja zinalala, na mfuko nao unalala. Ndiyo sababu hamu ya kujifunza mchezo wa kupambana, niliyokuwa nayo tangu utotoni, niliiweka kando miaka mingi. Kila nikiifikiria naona goti lililofungwa bandeji. Mwaka huu nimeamua kuacha kuogopa kwa jumla. Nimechukua daftari, nikaandika kila kiungo ninachokihofia, na kando yake kitu gani hasa huwa kinakiumiza. Vidole vya kwanza, magoti ya pili, mabega ya tatu.

Kabla ya kujiunga

Kuchagua mchezo kulinichukua muda. Ndondi niliiondoa mapema. Glavu inalinda ngumi ya mpigaji na ngozi ya anayepigwa, lakini ubongo unatikisika ndani ya fuvu vilevile, na mimi sitaki kupigwa kichwani makusudi. Jiu-jitsu ya Brazil ilinivutia sana kwa sababu mapambano yake mengi ni ya chini. Mwishowe nimetua kwenye judo, mchezo wa kushikana na kuangushana ambao kitu cha kwanza kufundishwa ni namna ya kuanguka. Jigoro Kano, aliyeuanzisha Tokyo mwaka 1882, alichambua mbinu za kale za jujutsu, mapigano ya mikono ya Kijapani, na zile za hatari kama ngumi na mateke hakuziruhusu kwenye mazoezi huru. Alitaka watu wapambane kwa nguvu zao zote na kesho yake warudi tena wakiwa wazima. Kwangu hoja hiyo ilitosha.

Kisha nikazunguka kumbi kadhaa, nikaomba kukaa pembeni na kutazama tu. Vikombe vilivyopangwa ukutani havikunisaidia. Nilichotazama ni mikeka kama imebanana au ina nafasi za kunasa vidole vya miguu, mtu mzito akishikana na mwepesi anapunguza nguvu au hapunguzi, na mwalimu yuko wapi wakati watu wanapambana. Katika ukumbi mmoja nilimwona mgeni, siku yake ya kwanza kabisa, akitupwa na kijana mwenye mkanda wa juu huku wenzake wakishangilia. Niliondoka hata mazoezi hayajaisha. Kwenye ukumbi niliojiunga nao mambo yalikuwa tofauti: siku niliyokwenda kutazama, mgeni alikuwa amepelekwa kona ya peke yake, amelala chali, anafundishwa kupiga mkeka kwa mikono.

Nilimwambia mwalimu waziwazi.

"Mwalimu, naogopa kuumia."

"Wapi, mwanangu?"

Nikampa daftari. Alilisoma lote bila haraka, akaomba kalamu, na juu ya vidole akaandika neno moja: kichwa. "Anza na hicho," akasema, "vidole vitapata zamu yake."

Mwezi wa kwanza: kuanguka

Nilirudi nyumbani nikasoma kwa nini kichwa kiwe cha kwanza, na nilichokikuta kilinikalisha kitako. Nchini Japani, kati ya mwaka 1983 na 2011, wanafunzi zaidi ya 100 walifariki kutokana na judo ya shuleni, wengi wao kwa majeraha ya kichwa, na wanaoanza ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mbinu iliyotajwa mara kwa mara ni osoto-gari, ambapo anayekutupa anaufyeka mguu wako kutoka nyuma huku akikusukuma uanguke chali. Asiyejua kuanguka, kisogo ndicho kinachotangulia. Na hata kisipogusa mkeka, kichwa kikirushwa nyuma kwa ghafla mishipa midogo ya damu iliyo juu ya ubongo inaweza kuchanika. Jambo hili lilipopigiwa kelele na walimu wakaanza kusisitiza kuanguka kabla ya kutupa, vifo vilipungua sana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuanguka, au ukemi kama tunavyouita ukumbini, ndiyo kinga yenyewe.

Basi mwezi mzima nimekuwa mtu wa kuanguka. Tulianza tumelala, tukaja tumeketi, kisha tumechuchumaa, na mwisho tumesimama. Kidevu kinaingia kifuani na macho yanatazama fundo la mkanda wako mwenyewe. Ukiliona fundo, kisogo hakiwezi kugusa chini. Mikono inapiga mkeka kwa pamoja, kuanzia kiganja hadi karibu na kiwiko, ikiwa imetanuka kidogo tu kutoka ubavuni. Ukiitanua sana, bega ndilo linalobeba. Pumzi inatoka wakati huohuo wa kupiga. Mara za mwanzo viganja vilikuwa vinawaka moto, nikadhani napiga kwa nguvu kupita kiasi, kumbe nilikuwa napiga kwa kiganja peke yake. Mkono wote uliposhuka pamoja, maumivu yaliisha na sauti ikabadilika, ikawa nene.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kuuzuia mkono usikimbilie chini. Mwili ukihisi unaanguka, mkono unanyooka wenyewe kwenda kudaka ardhi, na hivyo ndivyo vifundo vya mikono vinavyovunjika, viwiko vinavyochomoka na mitulinga inavyopasuka. Mwalimu alinipa zoezi la kuanguka kwa ubavu nikiwa nimeshika kola yangu kwa mkono usiopiga. Mkono wenye kazi ya kushika hauna muda wa kudaka. Nalipenda zoezi hili, na hadi leo nalifanya kabla ya kitu kingine chochote.

Nilijifunza pia kwamba nusu ya usalama wangu imo mikononi mwa anayenitupa. Mtupaji mzuri haachi mkono wa nguo. Anauvuta juu wakati mwenzake anakaribia mkeka, na mvuto huo mdogo unainua bega na kichwa cha anayeanguka. Tangu nilijue hilo, kabla ya kukubali kufanya zoezi na mtu huwa namtazama anavyomshusha mwingine.

Mwezi wa pili: vidole

Zamu ya vidole imefika. Judo ni mchezo wa kushikana nguo, na nguo yenyewe ni nzito, imeshonwa kwa ufumaji wa punje punje unaokwaruza. Nguo naijua kwa riziki, lakini sikuwahi kuijua kwa namna hii. Kola imeshonwa tabaka juu ya tabaka hadi imekuwa ngumu kama kamba, na ukiibana kwa vidole vyote kwa nguvu zako zote, dakika chache tu mikono imekauka.

Mkono wa mshikaji mzuri unafanya kazi kwa kidole cha mwisho na cha pete. Hivyo viwili ndivyo vinavyobana, kidole gumba na cha shahada vimekaa tu, havina papara. Hii ilikuwa habari njema kwangu maana gumba na shahada ndivyo ninavyoshikia sindano. Kuingiza vidole ndani ya mdomo wa mkono wa nguo ya mwenzako hakuruhusiwi kwenye mashindano, na hata mazoezini sikubali kufanya hivyo. Mwenzako akizungusha mkono, nguo inajisokota na vidole vyako vimo ndani.

La pili ni kuachia. Mtu akiing'oa nguo yake mkononi mwako kwa mtikiso, kuna sekunde moja ya kuamua kama utang'ang'ania. Wanaong'ang'ania ndio wenye vifundo vilivyonenepa wakifika umri fulani. Niliwaona pale ukumbini, wazee wa mkanda mweusi, vidole vyao havinyooki kabisa. Mimi naachia. Napoteza mshiko, natafuta mwingine. Kwa mshindani wa kitaifa huo ungekuwa udhaifu, lakini mimi sishindanii kitu, na kesho asubuhi kuna suruali ya kupindwa.

Hata hivyo kidole cha kati cha mkono wa kushoto kiliteguka kidogo, mwishoni mwa zoezi nilipokuwa nimechoka. Hakikuvunjika, nilikikunja na kukinyoosha bila shida ila kilivimba. Nilikifunga pamoja na jirani yake kwa plasta ya michezo, pindo moja juu ya kifundo na jingine chini yake, kifundo chenyewe kikabaki huru kukunjika. Kazi iliendelea, polepole lakini iliendelea. Tangu hapo nafunga vidole viwili viwili kabla ya mazoezi ya kushikana, na ninatoka ukumbini nikisikia nguvu zinaniishia badala ya kusubiri ziishe.

Mwezi wa tatu: goti

Goti halitishi kwa kupigwa. Linatisha likipindishwa wakati wayo umeganda chini. Hali hiyo hutokea sana pale mtu anapokataa kutupwa. Ameshapoteza mizani, mwili umeshageuzwa, lakini anakaza mguu mmoja na kuzuia kwa kiburi. Uzito wa watu wawili unapita kwenye goti moja lililopinda upande usio wake. Mwingine anaumia bila kosa lolote, anasimama pembeni tu na jozi jirani inamwangukia miguuni. Ndiyo maana ukumbi wetu unaweka jozi chache kwa wakati mmoja na wengine wanasubiri ukutani.

Kuna mbinu moja ambayo mwalimu ametukataza kabisa kuigusa, hata kwa mzaha, nayo ni kani-basami, ya kumrukia mwenzako kwa miguu miwili na kuikata miguu yake kama mkasi. Mwaka 1980, katika mashindano ya ubingwa wa Japani, bingwa wa judo Yasuhiro Yamashita alivunjwa mguu kwa mbinu hiyo. Alipona na mwaka 1984 akatwaa medali ya dhahabu kwenye Olimpiki ya Los Angeles, ila mbinu yenyewe iliishia kupigwa marufuku mashindanoni. Kama bingwa wa namna ile, anayejua kuanguka kuliko sote, alivunjika, mwanafunzi hana la kujitetea nalo.

Mwezi huu nimejifunza kukubali. Nikisikia nimeshakwenda, nakwenda. Naliachia goti, naingiza kidevu, napiga mkeka. Aliyenisaidia ni dada mmoja mwenye mkanda wa kahawia, mwenye umbo dogo kuliko langu. Aliniambia, "Kaka, ukinizuia nitaongeza nguvu, ukiniachia nitakushusha taratibu. Chagua." Nilichagua. Kutupwa naye ni raha, unajikuta umelala na hujui ulifikaje.

Nyumbani nimeongeza kazi ya miguu: kusimama kwa mguu mmoja macho yamefumbwa, kuchuchumaa polepole, na kunyanyua nyonga nikiwa nimelala chali. Shingo naifanyia kazi kwa kuisukuma dhidi ya kiganja changu bila kuizungusha. Siongezi haraka. Misuli hupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano zinazoshika viungo huchelewa nyuma yake, na watu wengi huumia katika kipindi hicho cha kati, wanapojisikia wana nguvu ilhali viungo bado havijakomaa.

Mwezi wa nne: chini

Mapambano ya chini nilidhani yatanitisha kuliko yote, kwa sababu ya kunyongwa na kukunjwa mikono. Yamekuwa ndiyo sehemu ninayoipenda. Hakuna kuanguka, kila kitu kinakuja kwa hatua, na kuna lugha moja ambayo kila mtu anaiheshimu: ukipiga mwili wa mwenzako au mkeka mara mbili, anaachia papo hapo. Mikono ikibanwa unasema kwa mdomo. Katika judo kiungo kinachoruhusiwa kukunjwa ni kiwiko peke yake, vifundo vya miguu na magoti havihusiki, na hilo linanipunguzia orodha ya hofu.

Kwenye kiwiko sisubiri maumivu. Mkono ukishanyooka na nyonga ya mwenzangu ikishakaa chini ya kiwiko, napiga mkeka. Nafasi kati ya kunyooka na kuchanika ni ndogo mno. Kwenye shingo vivyo hivyo. Mishipa miwili ya pembeni ikibanwa sawasawa, mtu huzimia ndani ya sekunde kumi hivi, na kabla ya hapo husikii maumivu makubwa ya kukuonya.

Usafi ni kinga pia, ingawa wachache wanautaja. Kucha nakata fupi kabla ya kila mazoezi, nguo inafuliwa kila ikivaliwa, na mtu mwenye choa au jipu hapandi mkekani hadi apone. Mwalimu hana huruma katika hilo, nami namuunga mkono.

Ilipofikia sasa

Tumekubaliana na mwalimu kanuni tatu ambazo nimeziandika nyuma ya daftari. Nikigonga kichwa, siku hiyo nimemaliza, hata nikijisikia mzima. Mazoezi huru ya kusimama nafanya na watu aliowachagua yeye tu. Na wiki nikiwa na oda nyingi, nakuja kufanya ya chini na kuanguka, sishikani kwa nguvu na mtu.

Upande wa kulia naanguka bila kufikiri. Wa kushoto bado mguu wa juu unauvuka wa chini, visigino vinagongana, na hilo linaleta michubuko isiyo na sababu. Ndiyo kazi ya wiki hizi. Jumanne ijayo tunaanza osoto-gari, kwa mwendo wa kutembea, juu ya godoro nene, na dada wa mkanda wa kahawia ndiye atakayenishika mkono wa nguo.