Kumbukumbu ya mradi: Linux kwa amri za kuandika, hatua ya 2 – nafasi, nyota na rm

Hatua ya 1 imekwisha bila shida: pwd inakuambia uko folda gani, ls inaonyesha vilivyomo, cd inakuhamisha. La kukumbuka ni kwamba Picha na picha ni folda mbili tofauti.

Mitego imeanza sasa. Ndani ya folda mpya (mkdir mazoezi, kisha cd mazoezi) iliandikwa amri hii:

touch ripoti ya mwezi.txt

ls ikaonyesha faili tatu: ripoti, ya, na mwezi.txt. Kosa si la touch. Mstari husomwa kwanza na Bash, programu inayopokea amri unazoandika, na kwa Bash nafasi ni mpaka wa neno, kwa hiyo touch ilikabidhiwa majina matatu ikatengeneza yote matatu. Jina lenye nafasi lifungwe kwa alama za kunukuu: 'ripoti ya mwezi.txt'. Kama faili tayari ipo, andika herufi chache za mwanzo ubonyeze Tab. Bash italimalizia jina na kuweka \ kabla ya kila nafasi.

Nafasi hiyohiyo kwenye rm ni balaa. rm *.txt inafuta faili zinazoishia na .txt. Kidole kikiteleza ukaandika rm * .txt, nyota inasimama peke yake na kugeuka majina ya faili zote zilizomo, isipokuwa zile zinazoanza na nukta. Kisha rm inalalamika kwamba haioni faili iitwayo .txt, lakini wakati huo nyingine zimeshakwenda. Na rm haina pipa la taka.

Kinga ni kutanguliza echo:

echo rm *.txt

Hii haifuti kitu. Inachapa tu amri jinsi rm ingeipokea, majina yote yakiwa wazi. Orodha ikiwa sawa, bonyeza mshale wa juu, ondoa echo, endelea. Wengi hutegemea rm -i inayouliza faili moja moja, ila baada ya maswali kumi mkono hujibu y wenyewe.

Kiporo cha hatua ya 3 ni ruhusa. Kuendesha faili ya amri kwa ./hujambo.sh kunajibu Permission denied (ruhusa imekataliwa), na ls -l inaonyesha -rw-r--r--, yaani hakuna x (ruhusa ya kuendesha faili) hata moja. chmod u+x hujambo.sh inatosha. Ile chmod 777 inayopendekezwa ovyo inamruhusu kila mtumiaji wa mashine kuibadilisha faili hiyo.