Kwa treni mpaka Quillacollo

Nilitoka La Paz, Bolivia, na basi la usiku nikafika Cochabamba asubuhi nimechoka ile mbaya, ila kitu cha kwanza nilichofurahia ni pumzi. La Paz iko juu mno, mita 3,600 na zaidi, ukipanda vingazi vitatu tu moyo unakwenda mbio, huku Cochabamba ni kama mita 2,500 hivi na jua la asubuhi linakupiga mgongoni vizuri kabisa.

Nilikua nataka kwenda Quillacollo, mji wa pembeni upande wa magharibi, kama kilomita 13. Mwenye gesti akaniambia panda trufi, yani vile vigari vyao vinavyojaza abiria njiani kama daladala, mi nikamwambia hapana nataka treni. Wenyewe wanaiita Mi Tren, yani treni yangu, inatumia umeme na ilianza kubeba abiria Septemba 2022.

Stesheni kuu, San Antonio, iko kwenye soko la La Cancha, na hilo soko ni kubwa sio utani, kuna viazi vya kila rangi mpaka vyeusi, vitambaa, vyungu, mbwa wamelala katikati ya njia. Reli kutoka mji wa Oruro ilifika hapa 1917, halafu miaka ya 90 shirika la reli likabinafsishwa, treni za abiria za njia hii zikafa, reli zikabaki hapo na wachuuzi wakapanga bidhaa juu yake miaka na miaka. Sasa leo treni inapita tena njia ya mababu na mimi nimo ndani, kwakweli nilisisimka.

Behewa safi, dirisha kubwa, kulia kwako mlima Tunari umesimama, una mita 5,000 na kidogo. Mbele yangu akakaa mama mmoja, sketi pana ya marinda, nywele mikia miwili, amefunga mzigo mgongoni kwa kile kitambaa chao cha mistari wanaita aguayo. Akaufungua taratibu akauweka mapajani, nikajua ni viazi, kumbe jiwe! Jiwe kabisa, la kijivu, limevunjika upande mmoja, ukubwa wa nazi.

Nikamuuliza kwa Kispanyola changu cha kuokoteza, akanieleza bila haraka. Kila Agosti kwenye sikukuu ya Bikira Maria wa Urkupiña watu wanapanda kilima cha Calvario pale Quillacollo, wanavunja mawe kwa nyundo, jiwe unalopata ndo mkopo wako kwa Bikira, unaomba nyumba, gari, biashara, halafu mwaka unaofuata unarudisha. Yeye aliomba kibanda sokoni na amekipata. "Deni ni deni mwanangu," akaniambia.

Tuliposhuka nikaomba nimbebee, akakubali, tukapanda trufi kisha tukamalizia kilima kwa miguu na jua lishakua kali, lile jiwe lilikua zito kuliko nilivyolidhania na nilikua nalihamisha bega hili bega lile. Juu pale akalipokea kwa mikono miwili, akapiga magoti akalilaza chini, akaongea Kikechua, lugha ya wenyeji, kwa sauti ya chini muda mrefu tu. Akasimama, akapangusa vumbi kwenye sketi, akaniuliza kama najua treni ya kurudi inaondoka saa ngapi, maana kibanda amemwachia binti yake.