Hata mbuzi?

Jamani bado nawaza ya mamdogo. Alipiga video jumapili natoka shifti, sijavua hata sare, shikamoo marahaba haijaisha vizuri akaniuliza, mwanangu, huo ufa nyuma yako mwenye nyumba hauoni? Ufa! Ni ile printi yangu ya mchoraji wa Marekani, Georgia O'Keeffe, Winter Road I ya 1963, niliwahi kuiandika hapa, nyeupe tupu halafu mstari mmoja mweusimweusi umejipinda, basi. Nikamwambia sio ufa mamdogo, ni barabara, huyo mama alikuwa anaiona dirishani kwake Abiquiú, New Mexico, akaipiga picha kwanza, akapinda kamera ili yote iingie, ikatoka kama imesimama hewani, ndo akaichora hivyo.

Akanyamaza. Kisha: barabara? Mbona haina mtu?

Nikasema ni theluji hiyo mamdogo.

Hata mbuzi?

Wiki hii nimefaulu ule mtihani na Baraka kahamisha vitu vyake vyote, ila kichwani ni hata mbuzi tu, nikigeuza mgonjwa hata mbuzi, nikisubiri basi hata mbuzi. Na aliuliza kwa upole kabisa, ndo maana imeniuma, nilihisi haulizii picha.

Usiku wa zamu nikaanza kupekua picha za barabara nimtafutie hata mtu mmoja. Gas ya Hopper, 1940, yuko mzee mmoja kwenye pampu nyekundu na barabara inaingia zake msituni, gari hakuna. Gray and Gold ya John Rogers Cox, 1942, njia panda ya vumbi katikati ya ngano, mawingu mazito, hakuna nafsi. Dorothea Lange na kamera yake New Mexico 1938, miaka ile familia nzima nzima zinakimbilia magharibi, na yeye kapiga lami tupu mpaka mbinguni!

Halafu nikafika kwa Grant Wood, Death on the Ridge Road, 1935, lori jekundu linaibuka kileleni na gari refu jeusi limetoka kuovateki liko mshazari katikati ya njia, nikacheka mpaka nesi mwenzangu akageuka, maana hiyo ni Kitonga kabisa, ule mlima wa njia ya Iringa. Nikamtumia. Akarudisha voisi ndefu, huyo wa gari jeusi anaovatekije mlimani, hana watoto?, akahamia ajali zote alizowahi kuzishuhudia akienda Iringa, nikasikiliza mara mbili nakula wali baridi, raha tupu.

Ila Zuhura hajanijibu ile hela ya mchango kama imefika, na tiki ni za bluu tangu jumanne.