Nilivyolinda nasaba yetu isipotee pamoja na kompyuta

Ukimwuliza fundi wa kompyuta hapa mjini namna ya kuhifadhi utafiti wa ukoo, jibu ni lile lile: "Mama, toa faili ya GEDCOM, itie kwenye flashi, basi." GEDCOM ni aina ya faili ya kubebea majina ya ukoo. Nimeambiwa hivyo na zaidi ya mmoja, na mmoja wao alinitoza mia tano kwa maneno hayo. Ushauri huo ni mbovu. Naandika kwa sababu najua Mombasa wako wengi wenye kazi ya miaka ndani ya kompyuta moja, na wanalala wakiamini kwamba flashi ile imewatosha.

Mjue kwanza ninacho nini. Upande wa baba ni watu wa Kilindini, upande wa mama ni wa Faza, na wote nimewapanga katika Gramps, programu ya bure ambayo sijaona sababu ya kuiacha. Lakini majina ndiyo sehemu nyepesi. Uzito uko kwenye vyeti vya ndoa vya Kadhi nilivyovipiga skani, barua za babu alizoziandika kwa hati ya Kiarabu, na karatasi za mashamba za enzi ile sheria ya ardhi ya 1908 ilipowataka watu wa pwani wajitokeze kuthibitisha milki zao. Juu ya hayo iko sauti ya marehemu bibi, Mungu amrehemu, akiwataja mmoja mmoja, fulani bin fulani bin fulani, mpaka anapofika kwa waliokuja na jahazi. Cheti kikipotea naweza kwenda kuomba kingine. Sauti ile nitaiomba wapi?

Sasa GEDCOM. Ni mtindo wa faili uliobuniwa Marekani mwaka 1984 na Kanisa la Watakatifu wa Siku za Mwisho ili programu mbalimbali zipate kupeana majina, tarehe na uhusiano wa watu. Ndani yake mna maandishi matupu. Picha hazimo, sauti haimo. Kilichomo ni anwani tu, kwamba picha ya fulani iko folda kadha wa kadha kwenye kompyuta yako. Sikutaka kubishana na mafundi kwa mdomo, nikaitia GEDCOM yangu kwenye flashi kama walivyosema, nikaichukua mpaka Mtwapa kwa dadangu, nikaifungua kwenye laptopu yake. Majina yote yalikuja, hata wajukuu wa juzi. Nikabonyeza cheti cha ndoa cha babu: mraba mtupu. Nikabonyeza sauti ya bibi: faili haikuonekana. Anwani zote zilikuwa zinaanza na C:\Users na jina langu, na laptopu ya dadangu haina mtu wa jina hilo. Dadangu akaniuliza, "Kwa hiyo ile kompyuta yako ikifa leo?" Nikamwambia ikifa leo tunabaki na orodha ya majina.

Dawa yake imo ndani ya Gramps yenyewe, na sijakutana na fundi aliyeijua. Kwenye menyu ya vifaa (Tools) mna kidhibiti cha midia (Media Manager). Humo unaziambia anwani zote ziache kuanza na C, zianzie kwenye folda yako ya picha. Halafu unapotoa data, unaacha GEDCOM na kuchagua kifurushi cha Gramps chenye midia, ambacho jina lake huishia na .gpkg. Hicho hubeba majina, picha na sauti kwa pamoja. Na hapa pana jambo lililonifurahisha mno: kifurushi hicho ni faili ya kawaida iliyobanwa. Ukibadilisha mwisho wa jina ukaandika .tar.gz, unaweza kukifungua bila Gramps na ukazikuta picha zako zote. Nimejaribu na imekubali. Maana yake hata programu ikiachwa na walioitengeneza, wajukuu watazipata picha za babu.

Kifurushi changu kinapita GB 6, na flashi ya fundi ilikikataa ikidai faili ni kubwa mno, ingawa nafasi ilikuwa tele. Sababu ni mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayozidi GB 4. Unaiformati upya kwa mpangilio mwingine uitwao exFAT, inakubali. Toeni vilivyomo kwanza, maana kuformati hufuta vyote.

Hapo ndipo nikashauriwa ninunue flashi ya TB 1 iliyokuwa ikiuzwa elfu moja na kitu. Muuzaji aliniapia. Niliichukua kwa sharti la kuirudisha, kwa sababu bei ile na ukubwa ule haviendi pamoja hata kidogo. Kompyuta ukiiuliza, inajibu TB 1, na hilo ndilo linalowadanganya watu, kwani flashi hizi huchezewa ndani ziseme ukubwa ambao hazina. Unaweka faili, majina yake unayaona yamepangika vizuri, siku ya kuzifungua hamna kitu. Basi nikateremsha programu ndogo ya bure iitwayo H2testw. Kazi yake ni kuijaza flashi data ya majaribio kisha kuisoma yote upya na kulinganisha. Kujaza TB nzima ni kazi ya siku nyingi, kwa hiyo nikaiagiza iandike GB 100 tu. Flashi ya uongo huumbuka mapema. Nikaiacha usiku kucha kompyuta ikiwa kwenye UPS, ile betri ya akiba, maana stima ya mtaa wetu haina ahadi. Asubuhi nikakuta maandishi mekundu: kama GB 30 za mwanzo nzima, zilizobaki zote zimepotea. Nikaipiga picha skrini, nikaenda nayo dukani, nikaiweka mbele ya muuzaji na wateja wamesimama. Pesa zangu alizirudisha bila swali. Tangu siku ile flashi yoyote inayoingia nyumbani kwangu, hata ya zawadi, inapita kwa H2testw kwanza.

Mwishowe nilinunua diski mbili za nje za TB 1, zile za kuzunguka, kama elfu saba hivi kila moja. Za SSD, zisizo na sahani ya kuzunguka, ni nyepesi na za kasi, lakini ikikaa kabatini muda mrefu bila umeme inaweza kupoteza data, na diski ya akiba kazi yake ni kukaa. Hewa yetu ya bahari nayo ni adui. Sahani za DVD za harusi za mtaani kwetu Kibokoni zimeota madoa, hazichezi tena. Diski zangu zinakaa kwenye kopo la plastiki la kufunga kwa nguvu, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Moja inakaa kwangu, ya pili Mtwapa, na hubadilishana kwa sikukuu. Dadangu akija Idd ndogo huja na ya kwake, huondoka na yangu iliyojazwa mapya. Idd kubwa hivyo hivyo, na Maulidi pia. Kati ya Maulidi na Ramadhani pana mwanya mrefu, kwa hiyo mwezi wa Rajabu napanda matatu naenda mwenyewe. Kabla ya kubadilishana tunafungua picha moja na kusikiliza sauti moja, yoyote ile, kwenye laptopu yake na si kwenye kompyuta yangu.

Nakala ya tatu iko Google Drive, ambapo GB 15 ni za bure. Angalieni tu: folda inayojilinganisha yenyewe si akiba, kwa sababu ukifuta huku inafutika na kule, na kapu la taka la huko humwagwa baada ya siku 30. Mimi napandisha kifurushi kizima chenye tarehe kwenye jina, nacho nimekifunga kwa VeraCrypt, programu ya kufungia faili kwa nywila. Humo mna talaka na mirathi za watu walio hai, si mambo ya kusomwa na kila mtu. VeraCrypt ukisahau nywila hakuna wa kukufungulia, kwa hiyo nimeiandika kwenye karatasi, na karatasi iko kwa ami, mbali na diski zote mbili.

Na nyinyi jamaa mnaonitumia picha za wazee kwa WhatsApp, Mungu awalipe, lakini picha ikipita huko hubanwa, na tarehe iliyofichwa ndani yake hufutika. Nitumieni kama dokumenti, si kama picha. Iliyo bora zaidi, njooni nazo nyumbani nizipige skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, na mtaondoka nazo siku hiyo hiyo.