Biliadi ambayo mpira hauingii mezani

Biliadi ya kawaida mnaijua, mpira uko ndani, unagonga ukuta unarudi. Hii inayoitwa biliadi ya nje, mchezo wa kihesabu, ni kinyume kabisa, meza inakaa katikati na nukta inacheza pembeni haiingii hata siku moja. Unasimama kwenye nukta, unapiga mstari unaoigusa meza ubavuni tu huku meza yote ikiwa kushoto kwako, ukifika unapogusa unaendelea mbele umbali uleule, hapo ndo nukta mpya. Unarudia. Sheria imeisha.

Nikachukua mraba wenye kona (1,1), (-1,1), (-1,-1) na (1,-1). Nimeanzia (2,0), nikapitia kona ya (1,1) nikatua (0,2), kisha (-2,0), kisha (0,-2), hatua ya 4 nimerudi nilikotoka. Kumbe rahisi! Nikajaribu (4,0): (-2,2), (0,-4), (2,2), (-4,0)... hatua 8 ndo nikarudi (mara ya kwanza nilichanganya kushoto na kulia, nusu saa nzima imeenda bure).

Sasa swali la mwanahisabati Bernhard Neumann, miaka ya 1950, na siyo yule John von Neumann jamani: kuna meza ambayo nukta inaweza kwenda mbali bila kikomo? Mwanahisabati mwenzake Jürgen Moser akalivalia njuga miaka ya 1970 maana alikuwa anawaza sayari, je zitabaki kwenye njia zake milele? Jibu lake ni kwamba meza ikiwa laini vya kutosha na imepinda kila mahali, inazungukwa na vitanzi kama uzio, nukta haivuki. Shida iko kwenye meza zenye kona.

Ikabidi kusubiri mpaka 2007, Richard Schwartz akaonyesha kwamba kwenye meza iitwayo tiara ya Penrose, umbo la pembe nne tu kama kishada cha kurusha, zipo nukta zinazoenda mbali zaidi ya mpaka wowote utakaoweka. Baadaye Dolgopyat na Fayad wakaleta meza ya nusu duara, nayo ina nukta zinazotoroka vivyo hivyo.

Kilichonichekesha ni hiki, nilitaka kuiona tiara kwenye kompyuta. Kwa desimali za kawaida haiwezekani! Vipimo vyake vina mzizi wa 5, desimali za kompyuta zinavikata viwe sehemu za kawaida (namba nzima juu ya namba nzima), na meza yenye kona za sehemu za kawaida kila nukta yake hurudi ilikoanzia. Programu yangu ingekesha mwaka mzima ikizungusha nukta ambazo zote zitarudi tu.