Mrija wa pili

Mama mmoja kaniuliza leo kliniki, huku anamrudishia mtoto shati: "Dokta, ile damu mliyochukua mwaka juzi, mbona majibu hayaji?" Nikamwambia majibu alishapewa, mtoto ni SS, yaani ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi: kinasaba chake, S, amekipata kwa baba na kwa mama. "Hilo nalijua, ndilo linalonikesha kila baridi ikiingia. Naulizia ule mrija wa pili. Wa utafiti."

Mrija wa pili upo. Uko kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, umebandikwa namba badala ya jina. Ndani yake tunatafuta vinasaba vinavyowafanya baadhi ya wagonjwa wa selimundu waendelee kutengeneza hemoglobini ya kitoto hata wakishakua. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kwenye damu, na ya kitoto ni ile ya tumboni ambayo kwa kawaida hupungua mtu akishazaliwa. Mwaka 1948, huko New York, daktari Janet Watson aliona kwamba chembe za damu za watoto wachanga hazijikunji sana kuwa umbo la mundu, akahisi kinga yao ni ile hemoglobini waliyotoka nayo tumboni. Tangu hapo wengi tumekuwa tukifuata njia hiyohiyo.

Kilichonivuta mimi kwenye fani hii ni darubini. Unaweka tone la damu kwenye kioo, unachanganya na sodiamu metabisulfaiti, unafunika, unasubiri. Oksijeni ikipungua, chembe zilizokuwa duara zinaanza kuchongoka ncha, moja baada ya nyingine. Kilichonishangaza ni kwamba hata damu ya mtu wa AS, aliyerithi S kwa mzazi mmoja tu, mzima, anayecheza mpira, hujikunja vilevile ukiifanyia hivyo. Chanzo chake ni asidi amino moja tu iliyobadilika kwenye hemoglobini, kama Vernon Ingram alivyoonyesha miaka ya hamsini.

Nje ya maabara mambo hayanyooki hivyo. Baba akiitwa kupimwa, haji. "Kwetu hakuna ugonjwa huo," ndugu zake wanasema, na mzigo wote unabaki kwa mama, wakati mtoto hawezi kuwa SS bila kurithi S pande zote mbili. Nachora kwenye karatasi: AS na AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Halafu naanza kazi ya pili, ya kuwatoa kwenye hesabu kwamba akishazaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata wamepona. Kila mimba inaanza upya. Sehemu hii hairukiki, hata foleni iwe imefika getini.

Jioni nimerudia kusoma habari za Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu nchini humo, akakuta kinasaba cha selimundu kimeenea Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kule kwenye malaria, na ni haba nyanda za juu. Akataka uthibitisho. Akawaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo, 15 wenye AS na 15 wasio nayo. Wasio nayo waliugua 14. Wenye AS wawili tu. Ilichapishwa mwaka 1954 na mpaka leo tunaifundisha.

Inaelezwa kwamba walijitolea. Sawa. Kilifi, pwani ya Kenya, hata sasa watafiti huwaambukiza watu wazima malaria kwa makusudi, ila kwa ridhaa ya maandishi na uangalizi wa karibu, kwa hiyo jaribio lenyewe silipigi vita. Ninachojiuliza ni nani aliyerudi kuwaambia wale 30 kilichopatikana kwenye damu yao. Jina la Allison nalijua tangu chuoni. Ya kwao sijawahi kuyasikia.

Kuna damu iliyorudi, lazima niseme. Utafiti wa haidroksiyurea uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yake yakatoka 2019, ulionyesha watoto waliopata dawa hiyo wakiumwa kidogo, wakiongezewa damu mara chache, na vifo vikipungua. Mtoto wa yule mama anaimeza kila siku. Na kuna iliyokwenda mbali zaidi: elimu ya hemoglobini ya kitoto ndiyo iliyozaa Casgevy, tiba ya kuhariri vinasaba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Marekani inauzwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Bei hiyo sikumtajia.

Nilimwambia ukweli: mrija wake peke yake hausemi kitu, unasema ukiwa na wenzake, na uchambuzi haujaisha. Akauliza, "Ukiisha mtatuita?"

Kwa hiyo usiku huu niko kwenye bajeti ya andiko jipya la kuombea fedha za utafiti. Nimeongeza mstari wa kuwaita wazazi wote kuwasomea matokeo kwa Kiswahili: nauli, ukumbi, chai na vitafunwa. Andiko lililopita wafadhili waliukata wa kwanza, wakisema haumo kwenye malengo ya utafiti. Safari hii nimeuandika kuwa lengo namba moja, tuone wataukatia wapi.